Mume anadai kadi ya benki ya mkewe kwa sababu yeye ni "kichwa cha nyumba". Hili limeandikwa wapi?

Mama Wawili (#1)
Wakuu, salaam. Naomba tuongee bila matusi.

Mimi ni mtumishi wa umma. Mume wangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, likafa. Sasa anahangaika na udalali wa viwanja, mwezi huu anapata, unaofuata hapati. Ada, kodi ya nyumba, umeme na gesi vinatoka kwenye mshahara wangu, na sijawahi kumsimanga. Kanisani kwetu (la kiroho, jina libaki) kulikuwa na semina ya wanaume. Karudi na neno moja: mwanaume asiyeshika mfuko wa nyumba bado hajawa kichwa. Ameniomba kadi na namba ya siri, awe anatoa na kugawa yeye, na mimi nikihitaji nauli nimwombe.

Hakugomba. Alifungua Waefeso 5, tukasoma, tukaomba, kisha akanyoosha mkono. Angefoka ningejua la kufanya.

Swali kwa wanaoyajua Maandiko: utii anaousema Paulo unafika mpaka kwenye mshahara? Au haya ni ya semina tu?

Jirani wa Kota (#2)
Nimevuta kigoda. Ngoja waje.

Kapera Mstaafu (#3)
Tukisema KATAA NDOA mnatuita wahuni. Mtu unaamka saa kumi alfajiri, unagombania daladala, mwisho wa mwezi unaomba nauli kwenye jasho lako mwenyewe. Aisee.

Mzee wa Zamu (#4)
Dada, nikujibu kama baba. Waefeso 5:22: "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Aya ya 24 inamalizia kwamba wake wawatii waume zao katika kila jambo. Paulo hakuandika "katika kila jambo isipokuwa mshahara". Mumeo amepoteza duka, heshima yake mtaani imeshuka, na wewe unajua hilo kuliko sisi. Kumpa kadi ni kumwambia bado ni baba wa nyumba hii. Hajakupiga, hajatukana, ameomba na mkasali. Wangapi humu wana mume wa namna hiyo? Mpe, Mungu ataheshimu utii wako.

Ua la Singida (#5)
#4 Mzee, shikamoo. Mbona umeanzia 22? Aya ya 21 inasema "hali mkinyenyekeana katika kicho cha Kristo". Kunyenyekeana, wote wawili. Tena ukihesabu, wake wameambiwa kwenye aya tatu, 22 hadi 24. Waume wameanza kuambiwa aya ya 25 na Paulo hakuwaachia hadi karibu na mwisho wa sura. Kristo alilipenda Kanisa *akajitoa*. Hakulinyang'anya sadaka.

Na 1 Timotheo 5:8 inasema mwanaume asiyeitunza nyumba yake ni mbaya kuliko asiyeamini. Mbona hiyo haikufundishwa semina?

Mkutubi (#6)
#5 dada, pointi yako ya kwanza ni nzuri, ya pili ina tatizo. 1 Timotheo 5:8 haisemi "mwanaume", inasema mtu yeyote asiyewatunza walio wake. Soma kuanzia aya ya 3: habari ni ya wajane, nani awalishe, kanisa au watoto na wajukuu zao. Ukifika aya ya 16 utakuta mwanamke aaminiye mwenye wajane ndiye anaagizwa awasaidie, kanisa lisilemewe. Yaani aya ambayo kila mhubiri huwapigia nayo wanaume, kwenye sura yake inamgusa na mama mwenye uwezo.

Kwa hiyo kwa kutunza nyumba kwa mshahara wake, Mama Wawili yuko ndani ya Maandiko kabisa. Ila hapo hujapata aya ya kukataa kadi, wala ya kuitoa.

Ua la Singida (#7)
Sawa mwalimu 😂 lakini wanaume bado wamo kwenye "mtu yeyote".

Mkatoliki wa Kawaida (#8)
Kwetu mnapofunga ndoa hakuna anayeahidi utii. Kiapo ni kimoja kwa wote wawili: kuwa mwaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, kupenda na kuheshimu siku zote za maisha. Bwana anasema yale yale anayosema bibi. Papa Yohane Paulo II mwaka 1988, kwenye barua ya Mulieris Dignitatem, alieleza wazi kwamba katika Waefeso 5 unyenyekevu ni wa pande zote mbili.

Hiyo ya kukabidhi kadi mnaitoa wapi ndugu zetu?

Mkutubi (#9)
#8 usiikate historia katikati. Papa Pio XI mwaka 1930, kwenye barua yake ya Casti Connubii, alifundisha waziwazi ukuu wa mume na utii wa mke, akasema mume ni kichwa na mke ni moyo. Akaweka mipaka lakini: mke halazimiki kutii matakwa yasiyo na busara au yasiyolingana na hadhi yake. Kati ya 1930 na 1988 mkazo umehama sana. Waanglikana nao, kitabu chao cha ibada cha 1662 kilimwapisha bibi harusi *kutii*, bwana harusi hakuapishwa hivyo. Msiseme "kwetu haipo" wakati bibi zenu waliikuta.

Mkatoliki wa Kawaida (#10)
Nimesema "kwetu hakuna", sijasema "haijawahi". Soma taratibu, mkuu.

Kapera Mstaafu (#11)
Papa kaingia, sasa uzi umekuwa mkutano wa maaskofu. Kadi iko wapi jamani?

Mtu wa Mgeta (#12)
Mimi Mluguru, nimezaliwa milimani, nimebatizwa utotoni, jumuiya sijakosa. Lakini hiki "kichwa" mnachokisema, kwetu kilikuwa kinakaa kwenye shingo nyingine. Ukoo ni wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama. Bwana anaoa, anakwenda kulima kwenye ardhi ya kina mkewe, na neno la mwisho juu ya watoto alikuwa nalo mjomba wao. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walitukuta hivyo karne ya 19, wakahubiri Waefeso 5, watu wakaitikia amina, na kesho yake kikao cha ukoo kikaitishwa na mjomba kama kawaida.

Baba yangu mzazi alikuwa akitaka kukata mti mkubwa shambani, anavaa shati safi, anapanda kwa shemeji yake kuomba ruhusa. Alikuwa katekista. Jumapili anasoma somo la "mume ni kichwa cha mkewe" bila kigugumizi. Sikuwahi kuona mtu akicheka.

Ninachosema: mnabishana kana kwamba Biblia ilishuka kwenye nyumba tupu. Kila kabila limeisoma hiyo aya likiwa na kichwa chake tayari.

Mzee wa Zamu (#13)
#12 sasa mila ya kwenu ndiyo isahihishe Neno? Neno ndilo linasahihisha mila. Huyo mjomba alitakiwa akae pembeni.

Mtu wa Mgeta (#14)
Mzee, na mume kushika pesa yote si mila? Ya wapi hiyo, Yerusalemu?

Falsafa ya Kijiweni (#15)
Acheni niwaharibie wote. Waefeso 5 na 6 ina jozi tatu: mume na mke, baba na watoto, bwana na mtumwa. Jozi hizo hizo ziko kwa mwanafalsafa Aristotle, kwenye kitabu cha kwanza cha Siasa, zaidi ya miaka 300 kabla ya Paulo. Ndivyo nyumba ilivyopangwa kwa Wagiriki, na kwa Warumi ndiyo kabisa, baba alikuwa na mamlaka ya kisheria juu ya kila aliye chini ya paa lake. Paulo aliikuta nyumba hiyo, akawaongezea wenye nguvu wajibu ambao hawakuwa wanaambiwa: wapendeni, msiwachokoze, acheni kuwatisha.

Leo 6:5, "enyi watumwa, watiini", hakuna mchungaji anayeifundisha ilivyo. Tumesema ilikuwa ya wakati ule. Basi kwa nini 5:22 isiwe ya wakati ule?

Mzee wa Zamu (#16)
Kwa sababu utumwa Paulo hakuufunga kwenye uumbaji. Ndoa ameifunga. Aya ya 31 ananukuu Mwanzo 2:24, mwanamume atamwacha baba yake na mama yake ataambatana na mkewe. Aya ya 32 anaita siri kubwa, ya Kristo na Kanisa. Kristo ataacha lini kuwa kichwa, ili na mume aache? Ukijibu hilo nitakuelewa, kijana.

Falsafa ya Kijiweni (#17)
Hiyo nakupa mzee, ni hoja. Ila Mwanzo 2 haina neno "atakutawala". Hilo liko Mwanzo 3:16, baada ya tunda, kwenye orodha moja na miiba na uchungu wa kuzaa. Na miiba tunaing'oa.

Mchungaji Mstaafu wa Kijijini (#18)
Bwana asifiwe. Nimefungisha ndoa nyingi na nimesuluhisha nyingi zaidi. #16 yuko sahihi kwamba Paulo hatanii, na #17 yuko sahihi kwamba kutawala kumeingia na dhambi. Wazee wangu wa kanisa walikuwa wakinigombeza nikisema hivyo vyote viwili kwenye mahubiri mamoja.

Mama, nikupe watu watatu ukawasome. Abigaili, 1 Samweli 25: mume mgumu, anatukana wajumbe wa Daudi. Abigaili akachukua mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano na vingine, akapeleka bila kumwambia mumewe Nabali. Aliiokoa nyumba yote. Wa pili Safira, Matendo 5: mumewe kaficha fedha ya kiwanja naye akijua. Safira aliingia muda wa saa tatu baadaye, Petro akamuuliza peke yake. Hakumhesabu ndani ya jibu la mumewe. Wa tatu Yoana mkewe Kuza, Luka 8:3, mumewe ni wakili wa Herode, naye yuko kwenye msafara wa Yesu akihudumu kwa mali zake. Kwa *mali zao*, ndivyo ilivyoandikwa juu ya wale wanawake.

Mzee wa Zamu (#19)
Mchungaji, kwa heshima: Kuza kuridhia au kutoridhia hakujaandikwa. Na 1 Petro 3:6 Sara anasifiwa kwa kumtii Ibrahimu akimwita bwana.

Ua la Singida (#20)
Na Mwanzo 21:12 Mungu anamwambia huyo huyo Ibrahimu, lolote akuambialo Sara sikiliza sauti yake. 🏃🏾‍♀️

Wakili Msomi Nusu (#21)
Mmesahau kwamba hiyo ndoa imesajiliwa Tanzania. Sheria ya Ndoa ya 1971:

Kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Cha 58 kinasema kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali ya mtu. Cha 63 kinamwekea mume wajibu wa kumtunza mke, chakula, mavazi na malazi kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye kipato anabanwa kumtunza mume pale tu mume anapokuwa hawezi kujipatia riziki kwa ugonjwa au ulemavu. Duka kufa si ugonjwa. Na anayetumia ngumi "kurekebisha", kifungu cha 66 kimekataa adhabu ya viboko kwa mwenzi hata kama mila inaruhusu.

Kwa hiyo kisheria mshahara ni wako. Mengine ni imani.

Na kama kuna anayesema mama wa nyumbani hana chake, kasome kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983. Kazi za nyumbani zilitambuliwa kuwa mchango kwenye mali ya ndoa.

Mkutubi (#22)
Ongezea na mwisho wake basi. Kanuni ilipita, Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ikatupwa. Mahakama ilisema mume alishampa fedha, naye Bi Hawa akazitapanya. Wengi wanaitaja kesi kama vile aliondoka na nyumba.

Kapera Mstaafu (#23)
Huyu Mkutubi akioa mkewe atapata tabu. Kila akisema "umechelewa", jamaa anataja aya, ukurasa na tarehe.

Mombasa Raha (#24)
Huku Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 45 inasema wenzi wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Lakini Mahakama ya Juu mwaka 2023 ikasema usawa huo si nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mtu aonyeshe alichochangia. Sasa nawaza, mume akishika kadi miaka kumi na kila risiti ikawa na jina lake, mama ataonyesha nini? Sio mambo ya Biblia tu haya.

Mwalimu wa Kahama (#25)
Nimesoma kimya tangu jana. Nitaandika mara moja tu.

Mume wangu alishika kadi yangu. Nilimpa mwenyewe, kwa aya hiyo hiyo, na nilijisikia vizuri kabisa, nilishuhudia hadi kwenye maombi ya akina mama. Mwanzo ilikwenda sawa. Kisha mshahara ukawa unachelewa "benki". Nikanyamaza. Siku moja nikaenda mjini kufuatilia, shemeji yangu akaniambia pitia kwa fulani, anakopesha. Mnaijua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali. Yule mtu akavuta droo. Ndani kadi za benki zimefungwa raba mafungu mafungu, kila kadi ina kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu na namba ya siri imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Karibu wote ni walimu wenzangu, majina ninayajua. Yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu.

Simchukii mume wangu. Tuko pamoja, deni lilikwisha. Hakulewa wala hakuhonga, alikuwa anajaribu kufufua biashara na aliona haya kuniambia. Ukiniuliza kosa lake lilikuwa nini, sitasema kushika kadi. Ni kwamba ukishakuwa "kichwa" kwa namna ile huna wa kumwambia umeshindwa.

Jirani wa Kota (#26)
#25 pole sana mwalimu. Nimeishiwa utani.

Baba Jeni (#27)
Pole dada. Mimi nitoe upande wa pili maana wanaume tunaonekana majambazi.

Nilipunguzwa kazi. Mke wangu ana saluni na inalipa. Akaniambia kila kitu kitaendelea, usiwaze. Nikaanza kupeleka watoto shule, kupika, kufua. Vizuri. Lakini nilikuwa naona anavyotoa pesa ya dagaa: anahesabu mezani mbele ya mdogo wake, noti moja moja, kisha ananisukumia. Hakuna tusi. Anasukuma tu kwa kidole. Kama angenipa kadi siku ile, kusema kweli, ningelia. Sio kwa sababu ya Paulo. Nilitaka siku moja niende sokoni kama watu wengine.

Mume wa Mama Wawili huenda anatafuta hilo na semina ikampa aya ya kulisemea. Sisemi apewe. Nasema mwulizeni anataka nini.

Mama Wawili (#28)
Nawasoma wote, asanteni. #27 umenigusa, #25 umenitisha.

Nimeongea naye jana. Nikamwuliza, ukishika kadi kitu gani kitabadilika? Akasema kwanza fungu la kumi. Sasa hivi natoa mimi, bahasha ina jina langu na huwa inasomwa. Anasema anakaa pale wanaume wenzake wakiitwa na yeye haitwi. Anataka lisomeke kwa jina lake. Sikujua kama hilo linamsumbua.

Kapera Mstaafu (#29)
Kumbe bahasha! Mngesema mapema. Andikeni "Familia ya fulani", uzi ufungwe, tukalale.

Mkatoliki wa Kawaida (#30)
Na hilo kanisa lisome hesabu bila majina. Kwetu zaka tuna kadi, kila familia na namba yake.

Ua la Singida (#31)
#30 na mwisho wa mwaka orodha inabandikwa mlangoni, tusidanganyane.

Mkatoliki wa Kawaida (#32)
😂😂 Parokia zinatofautiana.

Somo Asiyechoka (#33)
Nacheka peke yangu. Mimi hualikwa kwenye kicheni pati kufunda maharusi. Anatangulia mke wa mchungaji: mwanangu, mume ni kichwa, usimpandishie sauti, mtii. Makofi. Anafuata shangazi: mwanangu, fungua kibubu, ingia kikoba, mume asijue unapata shilingi ngapi. Makofi zaidi ya yale! Ukumbi ule ule, wanawake wale wale, vitenge sare. Bibi harusi anaondoka na mafundisho mawili na hakuna aliyemwambia yanakaaje pamoja.

Halafu wanaume wanashangaa kwa nini wake zao wanasema amina na pesa haionekani.

Mchungaji Mstaafu wa Kijijini (#34)
#33 hilo la kibubu limenipa kesi nyingi kuliko uzinzi. Na wanaume nao wana vibubu, vyao vinaitwa viwanja.

Mtanzania wa Texas (#35)
Huku nilipo, Wabaptisti wa Kusini mwaka 1998 waliongeza kipengele cha familia kwenye ungamo lao la imani: mke ajitiishe kwa hiari njema chini ya uongozi wa mumewe, na mume ampende kama Kristo alivyolipenda Kanisa. Ilizua kelele kubwa. Mwaka 2000 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, akatangaza kujitenga nao, msimamo kuhusu wanawake ukiwa mojawapo ya sababu zake. Mahubiri mengi ya "uongozi wa mume" mnayoyasikia kwenye semina za huko yamepanda ndege hapa. Nimekaa kwenye vikao vyao, hadi vichekesho ni vile vile.

Ila tofauti moja: wengi niliowaona huku wana akaunti ya pamoja na mke ana kadi yake ya hiyo akaunti. Kichwa ni mume, kadi mbili.

Mzee wa Zamu (#36)
#35 Injili yenyewe ilikuja kwa meli, mbona hukuilalamikia meli?

Ngoja niwaulize swali moja na hakuna aliyeligusa. 1 Wakorintho 7:4, "Mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe." Mwili! Huyu mama amekubali mwili wake uwe wa mumewe, siku ya harusi, mbele ya mashahidi. Sasa wakili anakuja na kifungu cha 58, mshahara ni wake peke yake. Pesa ina utakatifu gani kuliko mwili?

Mwalimu wa Kahama (#37)
Nilisema nitaandika mara moja, naomba mnisamehe. Mzee, maliza aya. "Vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Na aya inayofuata: msinyimane isipokuwa mmepatana. Kupatana. Ukiitumia hiyo kwa pesa, sawa, naikubali kabisa. Basi na yeye alete ya kwake. Madeni ya duka, pesa za udalali, na kile kiwanja ambacho mchungaji amekitaja kwa utani.

Mzee wa Zamu (#38)
Alete. Sijawahi kusema asilete. Lakini nani anayeamua wasipopatana? Meli haina manahodha wawili.

Wakili Msomi Nusu (#39)
Wasipopatana kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa, mzee. Yapo hadi ya dini, yanatambuliwa na sheria hiyo hiyo ya 1971, na bila kupita huko kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka.

Mzee wa Zamu (#40)
Talaka imeingiaje tena? Mnaona mnakoelekea?

Baba Jeni (#41)
Hakuna aliyetaja talaka ila nyinyi wawili.

Mama Wawili, benki unaweza kufungua akaunti ya pamoja ya sahihi mbili. Sisi tulifanya hivyo baadaye. Mshahara unaingia kwako, unahamisha kiasi mlichokubaliana, pesa ya ada haitoki mpaka msaini wote. Inaudhi, foleni ni ndefu, lakini dagaa nanunua mwenyewe.

Mkutubi (#42)
Ulizia na makato. Kama ana mkopo wa mshahara, sehemu kubwa inakatwa kabla haijafika popote, na mtabaki kugombania kilichobaki.

Mama Wawili (#43)
#42 ninao mkopo, niliuchukua kuongezea mtaji wa duka lake. Nimeona aibu kuutaja mwanzoni.

#37 daftari la madeni ya duka sijawahi kuliona. Lipo juu ya kabati, kwenye mfuko mweusi, nalijua kwa umbo. Jumamosi watoto wanakwenda kwa bibi yao. Nitamwambia alishushe, na mimi nitaweka kadi mezani pamoja na karatasi ya mshahara. Akikataa kulishusha nitakuwa nimepata jibu langu kuhusu kadi.

Mzee wa Zamu (#44)
Mwambie kwa adabu.

Ua la Singida (#45)
Mzee naye! Ameishi na mtu miaka yote hiyo hajui kuongea?

Jirani wa Kota (#46)
Tunasubiri mrejesho Jumapili. Kapera, lete karanga.